Tairi za Baiskeli ya Mahari

Watu wakiniuliza niliachikaje, huwa nawajibu kwamba niliachika kwa tairi mbili za baiskeli. Wanacheka. Wanadhani ni huu mdomo wangu tu, maana kwetu nasifika kwa mdomo tangu nikiwa mtoto. Waache wacheke. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwetu ni Igowole, kule Mufindi, ambako baridi ya mwezi wa saba inakufanya umpende hata jirani mnayegombana naye, mradi ana moto. Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, na nitamwita hivyo mpaka nifike mwisho wa habari hii, alikuwa mnunuzi wa viazi kutoka Mbeya. Aliniletea suruali nimbadilishie zipu. Kesho yake akarudi, eti zipu inakwama. Nikaitengeneza. Akarudi tena, na tena, mpaka mama mwenye duka la jirani akaniuliza, "Hivi hiyo suruali ina zipu ngapi?"

Wajumbe wake walipokuja kuposa, baba alitaja ng'ombe, akataja mbuzi, akataja blanketi la bibi, yote kama ilivyo desturi. Halafu akaongeza, "Na nataka kitu kimoja kisicholiwa."

Mshenga wao alikuwa mzee mpole mwenye tabia ya kukohoa kila anapotaka kusema neno zito. Akakohoa, akauliza baba ana maana gani. Baba akamwambia kwamba ng'ombe wataishia kwa wajomba, mbuzi wataliwa siku hiyohiyo, na blanketi litachanika. Yeye anataka kitu kitakachokaa nyumbani, ambacho kila asubuhi akikiona atasema moyoni, binti yangu yuko Mbeya, ni mke wa watu.

Kitu hicho kikawa baiskeli. Ilikuwa ya bibi mzaa baba wa mume wangu, ambaye zamani alikuwa mhudumu wa hospitali ya misheni na aliiendesha vijijini kwenda kuzalisha. Ya Kiingereza, nyeusi, ya kike, ile isiyo na bomba la juu, na kengele yake kubwa kama kikombe cha chai. Mama mkwe wangu ndiye aliyekuwa akiitunza, na ndiye aliyekubali itoke. Siku ya kuleta mahari mume wangu aliishusha kwenye lori pale njia panda, akavaa shati jeupe, akaipanda mpaka uwanjani kwetu huku akipiga kengele, matope yamemrukia mgongo mzima. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimefichwa chumbani, nikachungulia dirishani kwa jicho moja. Nilipomwona na yale matope yake, basi, nikawa nimekwisha.

Baba aliiendesha baiskeli ile kila Jumapili kwenda kanisani. Watu walimcheka, "Mzee kapanda baiskeli ya kike!" Naye akawajibu kwamba nyonga yake haijui kike wala kiume, inajua maumivu tu, na hapo hakuna bomba la kurushia mguu. Aliiendesha mpaka tairi zikaoza, zikachanika mbavuni, nyuzi zikatoka nje. Akaitundika ukutani kwenye banda la kuni. Lakini kila asubuhi alikuwa akiingia bandani hata kama kuni zilikuwa zimejaa jikoni, na mama alipokuwa hai alikuwa akimtania kwamba anakwenda kumjulia hali mkwewe.

Kanisani hatukufunga ndoa. Kila mwaka tulisema mwakani, na mwakani ikawa na mwakani yake. Mchungaji akanizuia meza ya Bwana, nikavumilia, nikawa nakaa viti vya nyuma na kuimba kwa sauti kubwa kuliko wote ili wajue nipo. Kwa hiyo ndoa yetu yote ilikuwa ile mahari. Na katika mahari yote, kilichobaki duniani ni baiskeli ukutani.

Tuliishi Ilomba, Mbeya mjini, katika nyumba aliyoiacha baba yake, mama mkwe akiwa na chumba chake upande wa uani. Tuliishi vizuri, sisemi uongo. Mume wangu alikuwa mtu wa kupenda vitu vilivyotengenezwa vizuri. Nikimaliza kushona gauni ananiambia nimgeuzie aone mishono ya ndani. Mwanamume gani anauliza mishono ya ndani? Nilimpenda kwa hilo kuliko kwa sura. Lakini mimba zilikuwa zikiingia na kutoka. Ya mwisho ilipotoka alinishika mkono hospitalini huku akitazama dirishani, na mimi nikajua kuna kitu kimeondoka pamoja nayo.

Baadaye akapata mtoto na mwanamke mwingine. Alinieleza mwenyewe, mezani, akitazama sahani. Nikamuuliza, "Kwa hiyo?" Akasema wazazi wa yule mwanamke hawapokei mahari ya mtu mwenye mke. Nikapakia cherehani yangu, nikarudi Igowole. Sikulia njiani, nilikuwa na hasira. Hasira inatunza machozi vizuri sana.

Wiki chache baadaye mshenga yuleyule akaja kwetu, safari hii peke yake. "Kamwene," akasema mlangoni, na baba akamwitikia "kamwene," wakakaa. Mimi nilileta chai kisha nikasimama nyuma ya pazia, kwa sababu mimi sijalelewa na malaika. Mzee akakohoa. Akasema ng'ombe na mbuzi hawadaiwi, walishaliwa, na mwanamke alimtumikia mume wake vizuri. Kinachoombwa kirudi ni baiskeli tu. Ikirudi na kupokelewa, watoto hawa wameachana, kila mmoja ana njia yake.

Baba akamaliza chai yake, akaweka kikombe chini. Kisha akasema, "Ilikuja inatembea. Itarudi inatembea. Mimi sirudishi maiti ya baiskeli kwa watu."

Mshenga akakubali kwamba hilo ni neno la haki. Kwetu mali ya watu hurudi kama ilivyokuja. Akampigia simu mume wangu palepale, na simu yake ile ya kizee ilikuwa na sauti kubwa, kila mtu alisikia. Mume wangu akasema iletwe hivyohivyo, hata ikiwa imebebwa mgongoni, haina shida. Mara sauti ya mama mkwe ikadakia nyuma yake, kali, "Sipokei chuma chakavu hapa kwangu! Ije na tairi zake, inatembea, la sivyo isije!"

Nilimchukia mama yule siku hiyohiyo. Nilikuwa nimemkanda miguu, nimempikia uji, nimemwita mama kwa moyo wote, na leo ananifukuza kwa masharti. Hee! Nikasema kumbe mkwe ni mkwe tu.

Basi hali ikawa hivyo. Mpaka baiskeli ipokelewe, mimi ni mke wake. Na kuipokea kwenyewe ni kitu kimoja tu: yeye mwenyewe ashike usukani kwa mkono wake, mbele ya mshenga. Akikataa kushika, ndoa ipo. Akishika, imekwisha.

Mtu mwenye akili angekaa akashona nguo zake. Mimi nikasema, mke gani huyu anayening'inia ukutani pamoja na baiskeli mbovu? Ama nina mume, ama sina. Hiyo ndiyo sababu niliyowaambia watu. Sababu nyingine sikumwambia mtu, na ni hii: nilijua nikimpelekea baiskeli ile inang'aa, inatembea kama siku ile ya shati jeupe, hataweza kuishika. Ataiona, atakumbuka, ataniambia niingie ndani. Niliamini hivyo kabisa. Nililala nayo, niliamka nayo.

Tairi kuukuu zilikuwa zimechakaa maandishi, lakini namba ya mbele ilisomeka, ishirini na sita. Nikaenda Mafinga, nikanunua tairi mbili mpya za ishirini na sita, nene, zenye meno makubwa ya kupandia milima. Nikazipeleka kwa fundi wa bodaboda pale Igowole. Akasema, "Ishirini na sita ni ishirini na sita, dada. Hii ni kubana tu, inataka nguvu." Akatia sabuni, akatia bisibisi mbili, akapanda juu ya gurudumu kwa magoti. Tairi ikaingia upande mmoja, ukingo wa pili ukabaki nje unatucheka. Alipovuta kwa nguvu za mwisho bisibisi ikaruka, ikapiga ukuta, na yeye akaanguka na makalio kwenye beseni la maji ya kutafutia pancha.

Nilipoipima kwa jicho niliona tundu la tairi ni dogo kuliko ringi, upungufu wa kama vidole viwili. Nikarudi nyumbani nimenuna. Nikamwambia baba, "Haziingii." Akasema, "Pole, mama." Halafu akaenda kulisha nguruwe huku akiimba wimbo wa kanisani, besi nzito, mpaka ubeti wa mwisho. Nikaona ajabu. Nikasema labda nyonga imempa nafuu.

Jibu lilinijia nikiwa nakata kitambaa. Nikajiambia, we mjinga, wewe ni fundi cherehani, tangu lini unaamini namba? Gauni la namba kumi na nne la kiwanda hiki linakubana, la kiwanda kile linakupwaya. Mwili haushonewi kwa namba, unapimwa. Nikachukua kamba nyembamba isiyovutika, nikaizungusha kwenye ringi pale hasa ukingo wa tairi unapokaa, nikakaza, nikafunga fundo. Nikawa nina kiuno cha gurudumu mkononi. Tairi ambayo kamba hii italala ndani ya ukingo wake bila kulegea na bila kujikunja, hiyo ndiyo saizi yake, hata kama imeandikwa Kichina.

Niliitundika kamba msumarini karibu na cherehani. Asubuhi haikuwepo. Nikatafuta mpaka chini ya godoro. Kulikuwa na mbuzi wetu mmoja mkorofi anayetafuna hata mifuko ya sementi, nikamtukana mbuzi yule matusi ambayo mchungaji angeyasikia asingenizuia meza tu, angenifungia na mlango. Baba akasema, "Basi, mama, achana nayo. Huenda Mungu hataki." Nikamwambia Mungu hali kamba, baba. Nikapima upya, nikaivaa hiyo ya pili shingoni kama ninavyovaa futi yangu ya kushonea, nikapanda gari kwenda Mbeya.

Nilifikia kwa rafiki yangu wa kwaya anayekaa mtaa wa Soweto, hapohapo Mbeya. Nilizunguka kwa mafundi na maduka ya baiskeli nikizungusha kamba ndani ya kila tairi. Ishirini na sita za mlimani, kamba ilijikunja. Ishirini na nane, ikalegea kama mkanda wa mgonjwa. Watu walinitazama. Nikafika kwa mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono, mtu ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka pwani wakabaki. Alikuwa akiuza baiskeli za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele, na tairi mpya za kubadilishia.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Mbona unazipima? Unazishonea suti?"

"Nazishonea, mzee. Nipe tu nafasi."

Alinitolea tairi iliyofungwa karatasi. Nyembamba, nyeusi, mbavu zake laini. Nikaiweka juu ya meza, nikavua kamba shingoni, nikailaza ndani ya ukingo. Ikazunguka, ikazunguka, ikagusa ukingo pande zote. Haikulegea, haikujikunja. Nikaigeuza tairi nisome: ishirini na sita vilevile, lakini namba ya pili, ya unene, ilikuwa imeandikwa kwa sehemu, moja na tatu ya nane, siyo kwa nukta kama zile za mlimani, na mimi nikakumbuka kipande cha maandishi yaleyale kwenye tairi kuukuu ya baba. Mjapani na Mwingereza, mbali huko kwao, walikuwa wamepatana kipimo kimoja.

Machozi yalinitoka. Mzee wa watu akashtuka, akanivutia kigoda. Akaniuliza baiskeli yenyewe ni ya nani. Nikasema, ya mume wangu.

"Basi ana bahati huyo bwana," akasema. "Wake wa siku hizi wanatafutiwa, hawatafuti."

Nililipa, nikazitia tairi begani, moja kila upande. Kutoka Soweto mpaka Ilomba si mbali, na miguu yangu ilikuwa na kichwa chake. Nilipita nyuma ya nyumba yetu, upande wa kichochoro. Kwenye kamba ya kuanikia, niliyoifunga mimi kutoka mparachichi mpaka nguzo ya choo, zilianikwa nepi, nyeupe, zimepangwa vizuri. Mtu aliyezifua alikuwa msafi. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba hata pa kumsema sikupaona. Nikaondoka upesi kabla mbwa hajanitambua na kuanza kunifurahia.

Siku ya kuzifunga tairi kulikuwa na ukungu Igowole, huoni zizi ukiwa mlangoni. Nilishusha baiskeli ukutani, nikaigeuza miguu juu. Baba alileta kiti chake akakaa na kikombe cha chai ya rangi, nikafurahi nikadhani amekuja kunisaidia kwa ushauri. Nilisugua kutu ya ringi kwa brashi ya waya mpaka nikaona weupe. Vichwa vya spoki nikavifunika na ukanda niliokata kwenye mpira wa zamani, nikaushona mwisho wake ili usiwe mnene sehemu moja. Nikapulizia tyubu hewa kidogo, kiasi cha kuipa umbo tu. Kisha tairi.

Iliingia kwa mikono mitupu. Hakuna bisibisi, hakuna sabuni. Nilianza pale penye valvu, nikaenda nikibonyeza kwa vidole gumba kulia na kushoto, na ukingo ukazama mahali pake kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea. Mguso wa mwisho ulitoa mlio mdogo, tup! Nikapiga kelele ya furaha peke yangu uwanjani.

"Imeingia?" baba akauliza.

"Imeingia, baba!"

Nikafunga ya pili. Madigadi ya nyuma ilikuwa inagusa kidogo, nikaikunja kwa koleo. Nikajaza upepo, nikaizungusha, ikazunguka kimya na sawasawa, haikugusa popote.

"Zote?"

"Zote."

Akatazama chai yake. Nikamwambia aipande kidogo, azunguke uwanja kama zamani. Akasema nyonga. Akamwaga chai yote chini, chai ya moto yenye tangawizi, akaingia ndani. Sikumsikia akiimba siku ile wala kesho yake, na mimi na furaha yangu ya kijinga sikuuliza kwa nini.

Baba alikataa kwenda Mbeya. Alisema baiskeli ina mshenga, haihitaji na mzee mgonjwa. Kwa hiyo tulikwenda mimi na mshenga, baiskeli ikiwa chini kwenye buti la basi, nimeifunga kwa mashuka yangu isikwaruzike. Tuliposhuka, tukatembea nayo. Karibu na nyumba ya Ilomba nikamwambia mshenga, "Baba, samahani, mimi naipanda."

Akakohoa lakini hakukataa. Nikapanda. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililolishona kwa ajili ya siku hiyo, mishono ya ndani safi kuliko ya nje. Niliingia uwanjani kwa baiskeli, nikipiga kengele kama yeye alivyopiga kwetu, kring, kring, na roho yangu ilikuwa imejaa mpaka kooni. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Mume wangu akatoka. Alikuwa na mswaki mdomoni. Akasimama, akatazama, na uso wake ukafunguka, jamani, ukafunguka kama zamani.

"Hee!" akasema. "Tairi umezipata wapi?"

"Za Kijapani," nikasema. "Nilipima kwa kamba."

"Kwa kamba!" Akacheka. Akachuchumaa, akainua gurudumu la mbele, akalizungusha, akatega sikio. Akabonyeza tairi kwa kidole gumba. Akapitisha ukucha pale ukingo unapokutana na ringi akitafuta kosa, asilione. Akaniuliza ukanda wa ndani nimeufunga na nini, nikamwambia nimeushona. "Umeushona," akarudia taratibu, na akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikimgeuzia gauni. Tulikuwa tunaongea kama watu wa nyumba moja. Mama mkwe alikuwa ametoka chumbani kwake na kusimama mlangoni, ameshika kitasa. Nikasema moyoni, haya, sasa. Sema niingie ndani.

Akasimama. Akajifuta mikono kwenye suruali, akasema, "Hebu niionje," na akashika usukani, mikono yote miwili, tayari kupanda.

Mshenga akakohoa.

"Basi," akasema. "Imepokelewa."

Mpaka leo sijui kama alikuwa amekusudia. Nadhani alitaka kuiendesha tu. Nadhani alisahau. Nilimwona akishtuka, akatazama mikono yake iliyokuwa kwenye usukani, akanitazama mimi. Palikuwa na nafasi. Alikuwa na nafasi ya kusema, hapana mzee, nilikuwa naijaribu tu, bado. Mshenga naye alimpa nafasi hiyo, alingoja, mzee wa watu, alikohoa hata mara ya pili pasipo neno. Kule ndani mtoto akaanza kulia. Mume wangu akainamisha kichwa, na mikono hakuiondoa.

Ndipo nilipoacha kuwa na mume.

Aliisukuma baiskeli mpaka ukutani, akaiegemeza taratibu, akaingia ndani. Mimi nilibaki nimesimama. Mama mkwe akaja akanishika kiwiko, akaniketisha kwenye ngazi. Nikataka kumkwepa. Akanikaza.

"Mwanangu," akasema, "nani alikutuma uzitafute?"

"Si ninyi? Si wewe uliyesema hupokei chuma chakavu?"

Akaanza kulia, mama mtu mzima, bila kujifunika. Aliniambia kwamba baba yangu, aliposikia baiskeli itadaiwa, alimpigia simu kabla hata mshenga hajafika kwetu. Alimwambia tairi za baiskeli ile alizitafuta tangu zilipooza, Mafinga mpaka Iringa mjini, hazipo, mafundi wamemwambia hazitengenezwi tena. Naye mama mkwe akamjibu, basi mzee mwenzangu, tuzidai hizohizo. Watoto wana hasira, tuwape kitu kisichopatikana, miezi ipite, moto upoe.

"Na kijana wangu alikuwa ameanza kupoa," akasema. "Jana tu aliniuliza kama unakula vizuri kule."

Nilimbusu mkono, mkono niliokuwa nimeuchukia miezi yote ile, nikaondoka na mashuka yangu.

Nilimkuta baba nyumbani amekaa mlangoni pa banda la kuni. Nyuma yake ukutani ule msumari mkubwa ulikuwa mtupu. Hakuniuliza kama imepokelewa. Aliniuliza kama haikuyumba njiani, nikamwambia haikuyumba. Akasema hizo tairi za Kijapani kumbe ni nzuri.

Kisha akatia mkono mfukoni mwa koti lake la kanisani, akatoa kamba nyembamba iliyoviringwa, ina fundo moja. Akaniwekea kiganjani.

"Mbuzi hakuila," akasema.

Niliitazama. Hapo ndipo machozi niliyoyatunza tangu nilipoondoka Ilomba mara ya kwanza yalipokuja yote kwa pamoja. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Neno moja tu, baba, ungesema neno moja tu.

"Ningekuambia, ungengoja?"

Nikaizungusha kamba kidoleni. Nilimpenda yule mwanamume, na nisingengoja hata wiki moja. Baba alilijua hilo, ndiyo maana aliiba kamba.